Kwa nini Cuba haiwafukuzi Wamarekani Guantánamo? Jibu kwa mwalimu wa mdahalo

*"Shikamoo Daktari. Nafundisha historia na uraia kwenye sekondari ya kata huku Tanga. Mwezi uliopita tuliweka mdahalo: 'Kambi za kijeshi za Marekani zimezilinda nchi jirani zake.' Kijana wa upande wa kutetea akasema Cuba inapokea kodi ya Guantánamo kila mwaka, kwa hiyo imeridhia, na kwamba mkataba ulikuwa wa miaka 99, ukaisha, wakaurefusha. Wa kupinga akasema nchi ikishakubali kambi basi imekwisha, lazima itavamiwa, akatoa mfano wa Panama. Halafu binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: kama Cuba haiwataki, kwa nini isiwafukuze? Nilikwama mbele ya darasa zima. Na lipo la nyumbani. Dada yangu ameolewa Kenya, shemeji ni polisi, alipelekwa Haiti. Kwenye familia wapo wanaomwita kibaraka wa Wamarekani, wapo wanaomwita shujaa. Amerudi na jeraha la mguu, na usiku hashiki usingizi. Nisaidie yote mawili."*

Marahaba, Mwalimu. Nilianza kulisoma swali lako nikidhani ni la darasani, nikafika mwisho nikaona lina mtu ndani yake. Nitaanza na la binti, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote na ukilijibu hilo mengine yanafunguka. La shemeji nitalifikia.

Kwanza tuondoe hilo la kodi ya Guantánamo, kambi ya jeshi la majini la Marekani iliyo ndani ya ardhi ya Cuba. Cuba haipokei. Makubaliano ya upangaji ya Julai 1903 yaliweka dola 2,000 za dhahabu kwa mwaka. Marekani iliposhusha thamani ya dola dhidi ya dhahabu miaka ya 1930 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiasi hicho kikahesabiwa upya mpaka kikafika dola 4,085, na hapo kikaganda. Kwa shilingi zetu ni kama milioni kumi kwa mwaka. Kwa pesa hiyo hupati fremu nzuri Kariakoo, na hapa tunazungumzia kilomita za mraba 117 zenye mdomo wote wa ghuba, gati na kiwanja cha ndege. Serikali ya mapinduzi iliingiza benki hundi moja tu, ya mwaka 1959. Fidel Castro, kiongozi wake, alieleza baadaye kuwa ulikuwa mkanganyiko wa siku za mwanzo, na zilizofuata akaziacha zirundikane kwenye droo ya meza yake, akiwaonyesha waandishi wa habari waliomtembelea. Mawakili wa Marekani nao wameing'ang'ania ile moja: mliipokea, kwa hiyo mliutambua mkataba. Kwa hiyo kijana wako wa kutetea hakutunga. Alishika kipande cha hoja ya upande mmoja akakiona ndiyo habari nzima.

La miaka 99 halipo kabisa. Nadhani limetoka Hong Kong, ambako Uingereza ilipangishwa sehemu kubwa ya eneo lile mwaka 1898 kwa miaka 99 na kuondoka 1997. Guantánamo haina tarehe ya mwisho. Mkataba wa Mei 1934 unasema upangaji utaendelea mpaka nchi zote mbili zikubaliane kuubadilisha au kuufuta, au Marekani yenyewe iamue kuondoka. Msomee binti yako sentensi hiyo polepole. Mpangaji ndiye mwenye ufunguo wa kutoka. Mwenye nyumba hana tarehe ya kusubiri, hana kifungu cha kutoa notisi, na hana hakimu wa kumpelekea shauri.

Atauliza, sasa nani mwenye akili angesaini karatasi ya namna hiyo? Jibu liko kwenye mazingira ya kusaini. Mwaka 1898 Marekani iliingia vitani na Hispania, wakati Wacuba wenyewe walikuwa msituni wakipigana na Mhispania kwa miaka mitatu. Askari wa Marekani walitua Guantánamo Juni mwaka huo. Hispania ikashindwa, lakini mkataba wa amani ulisainiwa Paris bila Mcuba hata mmoja mezani, na jeshi la Marekani likabaki likitawala kisiwa. Mwaka 1901 Bunge la Marekani likapitisha masharti yanayojulikana kama Nyongeza ya Platt: jeshi halitaondoka mpaka Cuba iyaingize kwenye katiba yake. Sharti la tatu liliipa Marekani haki ya kuingilia Cuba ili kulinda uhuru wake na utulivu. Sharti la saba liliitaka Cuba iuze au ipangishe ardhi kwa ajili ya vituo vya makaa ya mawe na vya jeshi la majini. Wajumbe wa baraza la katiba la Cuba walikataa, wakajaribu kuyalainisha, wakaambiwa ni yote au hakuna. Juni 1901 wakapiga kura: 16 wakakubali, 11 wakakataa. Bendera ya Cuba ikapandishwa Mei 20, 1902, na mwaka uliofuata Guantánamo ikapangishwa. Haki ile ya kuingilia nayo haikukaa kabatini: majeshi yalirudi 1906, 1912 na 1917.

Wanafunzi huruka makaa ya mawe wakidhani ni jambo dogo, nawe usikubali waruke. Meli ya kivita ya wakati ule ilikuwa ikila makaa kwa tani, na bila mahali pa kuyapakia upya haikuweza kufanya kazi mbali na nyumbani. Ukitaka kulinda mfereji unaopanga kuuchimba Amerika ya Kati, unahitaji ghala la makaa kwenye mlango wa Bahari ya Karibi. Guantánamo inatazama njia ya meli kati ya Cuba na Haiti. Makaa yamekwisha zamani, sababu zimebadilishwa mara nyingi, kambi ipo palepale. Hiyo ni tabia ya kambi nyingi: sababu iliyoileta hufa, na nyingine hutafutwa kwa kuwa majengo yapo.

Sasa, kwa nini isiwafukuze? Kisheria, Cuba inasema mkataba ni batili kwa kuwa ulisainiwa chini ya mtutu, na kweli Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa mwaka 1969 unabatilisha mkataba uliopatikana kwa nguvu. Tatizo ni kwamba Mkataba wa Vienna wenyewe unasema haurudi nyuma kuhukumu mikataba iliyoutangulia. Cuba inaweza kujibu kuwa kanuni hiyo ilikuwapo hata kabla ya kuandikwa Vienna, na Marekani itasema 1934 hakukuwa na jeshi lake likitawala kisiwa. Ni hoja nzuri pande zote, ila hakuna wa kuiamua. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague husikiliza pale tu nchi zote mbili zimeridhia, na Marekani ilijitoa kwenye utaratibu wa kuridhia moja kwa moja katikati ya miaka ya 1980, Nicaragua ilipoishtaki kwa kutega mabomu bandarini mwake na kuwafadhili waasi wa Contra. Hukumu ilitoka Juni 27, 1986, Nicaragua ikashinda. Marekani haikuitii, na ilipopelekwa Baraza la Usalama ikapiga kura ya turufu.

Kwa nguvu je? Hapo ndipo Castro alipokuwa mwangalifu kuliko hotuba zake. Kuishambulia kambi kungekuwa kuwapa Washington sababu waliyoitafuta tangu jaribio lao la kuivamia Cuba kupitia Ghuba ya Nguruwe, Aprili 1961, liliposhindwa. Akabana kwa njia nyingine. Kando ya uzio askari wa Cuba walipanda ukanda mrefu wa mipungate, mimea ya miiba, ili watu wasikimbilie ndani. Februari 1964, baada ya wavuvi wa Cuba kukamatwa karibu na Florida, akakata maji. Kambi ilikuwa ikitegemea maji ya bomba kutoka mto Yateras, nje ya uzio. Cuba ikadai Wamarekani bado wanaiba maji. Mkuu wa kambi akaita waandishi wa habari, bomba likafukuliwa na kipande kikakatwa mbele yao kuonyesha kuwa limekauka. Meli zikawa zinaleta maji mpaka mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ulipokamilika. Tangu hapo kambi haihitaji chochote kutoka Cuba. Baadhi ya wafanyakazi wa Kicuba waliokuwa wakipita getini kila asubuhi waliachwa waendelee, wakazeeka mmoja mmoja, wawili wa mwisho wakastaafu mwishoni mwa 2012. Kwa hiyo mjibu binti hivi: Cuba imejaribu kila kitu kisicho vita, na vita ingeipoteza.

Kuna kifungu kingine kwenye karatasi ya 1903 ambacho kimewagusa hata watu wa pwani yetu. Kinasema Cuba inabaki na enzi ya mwisho juu ya ardhi ile, lakini Marekani ina mamlaka na udhibiti kamili. Kwa karibu miaka mia kilionekana maneno ya makarani tu. Januari 2002 Marekani ikaanza kuleta wafungwa wa vita vyake dhidi ya ugaidi, na wanasheria wa serikali wakakifukua. Mahakama za Marekani, walisema, hazina kazi hapa kwa sababu enzi ni ya Cuba. Mahakama za Cuba, kila mtu alijua, haziwezi kuvuka uzio. Jumla ya wanaume wapatao 780 wamepitia humo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo mwaka 2004 na tena 2008, ikisema anayedhibiti mahali hawezi kukwepa sheria kwa kuchezea enzi, lakini miaka ilikuwa imeshakwenda. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alikaa humo mpaka Desemba 2024 bila kufunguliwa shtaka. Ukitaka darasa lielewe kwa nini kifungu cha mkataba wa makaa ya mawe kinawahusu, waambie hilo.

Sasa kijana wa kupinga. Anasema ukikubali kambi lazima utavamiwa, na Panama ndiyo ushahidi. Panama ni ushahidi, ila wa mambo mawili kwa pamoja, na lile la pili linaiharibu hoja yake.

Panama ilijitenga na Colombia Novemba 3, 1903 huku manowari ya Marekani ikiwa imetia nanga pwani kuzuia wanajeshi wa Colombia. Siku kumi na tano baadaye mkataba wa mfereji ukasainiwa. Aliyesaini kwa niaba ya Panama alikuwa Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla, mwenye maslahi kwenye kampuni iliyoshindwa kuuchimba mfereji huo. Wajumbe wa Panama walifika Washington wakakuta umeshasainiwa. Ukaipa Marekani ukanda wa maili kumi kwa upana, milele, kana kwamba ndiyo dola yenye enzi hapo. Ndani ya ukanda huo zikaota kambi, shule, viwanja vya gofu, na mishahara ya aina mbili: ya dhahabu kwa Wamarekani weupe, ya fedha kwa watu weusi kutoka visiwani na kwa Wapanama.

Januari 1964 yalitokea yanayofaa sana kusimuliwa mbele ya wanafunzi, kwa sababu wahusika walikuwa wanafunzi. Serikali mbili zilikuwa zimekubaliana bendera zote mbili zipepee pamoja kwenye maeneo ya kiraia ya Ukanda. Gavana wa Kimarekani, ili kukwepa ugomvi, akaagiza shule za humo zisipeperushe yoyote. Wanafunzi wa Kimarekani wa sekondari ya Balboa wakapandisha yao kwa ukaidi. Januari 9 wanafunzi kama 200 wa Instituto Nacional, sekondari ya Wapanama, wakatembea kuingia Ukanda wakiwa na bendera ya Panama ya shule yao, wakitaka nayo ipandishwe. Katika kusukumana ikachanika. Machafuko yakadumu siku tatu, wakafa Wapanama zaidi ya 20 na wanajeshi wanne wa Marekani. Mmoja wa waliouawa mwanzoni kabisa alikuwa Ascanio Arosemena, mwanafunzi wa miaka 20. Jengo la shule ile ya Balboa leo ni la mamlaka ya mfereji na limepewa jina lake.

Panama ikakata uhusiano wa kibalozi, dunia ikaangalia, na Washington ikaelewa kuwa mkataba wa milele una gharama isiyoandikwa kwenye karatasi. Mazungumzo yakachukua zaidi ya miaka kumi. Septemba 7, 1977, Omar Torrijos wa Panama na Rais Jimmy Carter wa Marekani wakasaini mikataba mipya yenye tarehe ndani yake: mchana wa Desemba 31, 1999 mfereji unakabidhiwa na kambi zinafungwa. Seneti ya Marekani iliipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32, kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika.

Katikati ya ngazi hiyo ya kuondoka ndipo likaja la Desemba 20, 1989. Manuel Noriega, mtawala wa kijeshi wa Panama aliyekuwa kwenye malipo ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa miaka, alikuwa amegeuka mzigo: dawa za kulevya, uchaguzi wa Mei uliofutwa, ofisa wa Marekani aliyepigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani. Marekani ikavamia kwa askari zaidi ya 20,000, na karibu nusu yao walikuwa tayari wamelala ndani ya Panama, kambini. Makao makuu ya Noriega yalikuwa mtaa wa El Chorrillo, chini kidogo ya kilima cha Ancón ambako kamandi ya Marekani ilikuwa na makao yake. Nyumba za mbao za mtaa ule ziliteketea usiku huo. Idadi ya raia waliokufa inabishaniwa mpaka leo, na makadirio ya chini ni mamia. Siku hizi Desemba 20 ni siku ya maombolezo ya kitaifa.

Kwa hiyo ndiyo, kambi ilirahisisha uvamizi. Mtu mwenye askari tayari uani hafikirii mara mbili kama anayelazimika kuwasafirisha baharini. Lakini tazama Guatemala 1954: hakuna kambi, na serikali ya Jacobo Árbenz iliangushwa na jeshi dogo lililopikwa na CIA nchi za jirani. Jamhuri ya Dominika 1965, Grenada 1983: hakuna kambi, majeshi yakaja. Na ile Panama iliyovamiwa 1989 ndiyo iliyokabidhiwa mfereji wake miaka kumi baadaye, mchana uleule uliotajwa kwenye mkataba. Kama kambi ingekuwa hukumu isiyokatiwa rufaa, hilo lisingetokea.

Tofauti kati ya Cuba na Panama ndiyo ninayotaka ubaki nayo. Zote mbili zilianza mwaka mmoja, kwa karatasi mbovu zinazofanana. Panama ilifanikiwa kupata karatasi nyingine yenye tarehe, na ilipata kwa sababu Marekani ilihitaji utulivu wa Wapanama ili meli zipite. Cuba mwaka 1934 iliondolewa ile haki ya kuingiliwa, ikaachiwa kambi bila ukomo, na baada ya maji kukatwa 1964 haikuwa na kitu ambacho kambi inakihitaji. Kwa hiyo ukitaka kupima kambi yoyote, uliza nani alisaini, alikuwa na uhuru wa kukataa, inaisha lini, na mwanajeshi akiua raia anahukumiwa wapi. Sifa na laana ziache mpaka uwe na majibu hayo.

Ecuador inaonyesha vizuri. Mwaka 1999 iliruhusu Marekani kutumia uwanja wa ndege wa Manta kufuatilia dawa za kulevya, kwa miaka kumi. Muda ulipokaribia Rais Rafael Correa akasema atauongeza iwapo Ecuador nayo itaruhusiwa kuweka kambi Miami. Katiba mpya ya 2008 ikapiga marufuku kambi za kigeni, na mwaka 2009 Wamarekani wakaondoka bila risasi kulia. Novemba 2025 rais mwingine, Daniel Noboa, aliwauliza wananchi kwa kura kama marufuku hiyo iondolewe, na karibu asilimia 60 wakasema hapana, tena katika nchi inayoumizwa vibaya na magenge. Colombia mwaka 2009 ilisaini kuwapa Wamarekani matumizi ya kambi saba. Mahakama ya katiba ikausimamisha mwaka uliofuata kwa kuwa haukupelekwa bungeni.

Honduras ni kichekesho kidogo. Uwanja wa Soto Cano, ambao wenyeji huuita Palmerola, rasmi ni wa jeshi la anga la Honduras, na Wamarekani ni wageni wa muda. Wageni hao wapo tangu mapema miaka ya 1980, walipokuja kwa ajili ya vita vya Nicaragua. Tangu 2021 kuna na uwanja wa abiria hapohapo, hivyo anayekwenda Tegucigalpa huenda akashukia jirani na kikosi kisichokuwa na kambi.

Upande wa kutetea usiuache mikono mitupu. Helikopta za Soto Cano ziliokoa watu kwenye kimbunga Mitch mwaka 1998 na tena kwenye Eta na Iota mwaka 2020. Grenada huadhimisha Oktoba 25, siku ya uvamizi, kama sikukuu ya kitaifa ya shukrani, na si kwa kulazimishwa: kundi la kijeshi lilikuwa limemwua Waziri Mkuu Maurice Bishop siku sita kabla. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi huo kwa kura 108 dhidi ya 9, na Wagrenada wengi wakasherehekea. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mwanafunzi anayeweza kuyashika yote bila kuliangusha moja ndiye ungempa alama nyingi.

Sasa Haiti, na shemeji.

Ili umwelewe Mhaiti anayemtazama polisi wa kigeni kwa jicho la shaka, rudi Desemba 1914, askari wa majini wa Marekani walipoingia kwenye benki ya taifa mjini Port-au-Prince na kuondoka na dhahabu ya dola 500,000 hadi New York. Julai 1915, rais wa Haiti alipouawa na umati, wakarudi na kukaa miaka 19. Walijenga barabara kwa kazi ya lazima, watu wakifungwa kamba wasitoroke. Walibadilisha katiba ili wageni waweze kumiliki ardhi. Charlemagne Péralte aliyeongoza upinzani aliuawa 1919, maiti yake ikafungwa kwenye mlango na kupigwa picha ili isambazwe kutisha watu. Wahaiti wakaiona picha ile kama Kristo msalabani, wakaitunza.

Hapa kuna jambo ambalo midahalo huliacha: mara nyingi kambi huondoka na kitu kingine hubaki. Wamarekani waliunda vikosi vya walinzi wa taifa Nicaragua, Jamhuri ya Dominika na Haiti, wakavifundisha, wakaondoka. Kutoka kikosi cha Nicaragua akatoka Anastasio Somoza, ambaye familia yake ilitawala mpaka 1979. Kutoka cha Dominika akatoka Rafael Trujillo, miaka 31. Jeshi la Haiti lililozaliwa hivyo lilipindua serikali mpaka Rais Jean-Bertrand Aristide alipolivunja mwaka 1995. Kisha wakaja Umoja wa Mataifa, na Oktoba 2010 kambi yao moja ikamwaga kipindupindu kwenye mto, wakafa watu kama 10,000. Umoja wa Mataifa ulikiri sehemu yake mwaka 2016.

Kwenye historia hiyo ndimo alimotua shemeji yako. Je, Haiti ni kambi ya Marekani? Hapana. Kikosi kile cha kupambana na magenge, kilichoongozwa na polisi wa Kenya, kiliidhinishwa na Baraza la Usalama Oktoba 2, 2023, kwa muda maalumu unaohitaji kuongezwa, na Septemba 2025 Baraza likakibadilisha kuwa kikosi kingine cha kupambana na magenge. Je, Marekani haimo? Imo sana: ndiyo mfadhili mkubwa, na ndiyo iliyojenga kambi yao karibu na uwanja wa ndege wa Port-au-Prince. Maswali yangu ya juu yanafanya kazi hapa pia. Muda upo. Idhini ipo. Kuhusu aliyealika, Waziri Mkuu Ariel Henry hakuwa amechaguliwa na mtu. Alishika nafasi baada ya Rais Moïse kuuawa Julai 2021, na hakuwa na bunge la kumhoji. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilizuia safari hiyo Januari 2024, ikisema polisi hawawezi kupelekwa bila makubaliano kati ya nchi mbili. Makubaliano yakasainiwa Nairobi Machi 1. Henry hakuweza hata kurudi nyumbani baada ya kuyasaini. Magenge yalishambulia uwanja wa ndege, na siku chache baadaye akatangaza kujiuzulu.

Maoni yangu ni kwamba sera hiyo ina mashimo na ina haki ya kupigwa maswali Nairobi, Washington na New York. Askari aliyepewa barua ya kupangiwa kazi hakuiandika. Wanaomwita kibaraka wanampelekea mtu wa chini hasira za watu wa juu. Wanaomwita shujaa wanamzibia mdomo kwa namna nyingine, maana shujaa haruhusiwi kusema kilichomtisha.

La jeraha na usingizi haliko kwenye uwezo wa makala, Mwalimu. Mguu uandikwe: cheti cha daktari wa kule, barua ya kupangiwa kazi, taarifa ya tukio, vyote vitolewe nakala na dada azihifadhi nyumbani. Madai ya fidia yana ukomo wa muda kisheria, na kujua kama dai linakwenda kwa mwajiri wake au kwa mpango wa kile kikosi kunahitaji wakili wa Kenya aliyezishika karatasi hizo mkononi. Usingizi unaopotea kwa wiki kadhaa, kushtuka, hasira zisizo na kichwa wala miguu kwa mtu aliyetoka kwenye risasi, hayo ni ya daktari au mshauri nasaha, na yanatibika. Kama ametaja kujidhuru, au kama ana silaha ya kazi nyumbani na hali ni hiyo, dada asisubiri siku ya kliniki. Ampeleke hospitali leo.